Fimbo ya Vidonge

Tunduma, 3 Februari 2025

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbagala, na kwamba goti limepunguza makali. Sisi hatujambo. Mwanao Ipyana yuko mpakani na malori yake, na wajukuu zako wana mafua ya vumbi tu.

Nimepewa kazi ya kupanga huduma za afya kwa watoto wa shule za msingi hapa mjini: dawa za minyoo na kichocho, macho na meno. Mji umefurika, baba. Kuna madarasa ambayo watoto wanakaa mpaka miguuni pa mwalimu. Ipyana anasema uliifanya kazi hii Dar es Salaam mpaka ukastaafu, na ulikuwa na fimbo ya kuwapimia kimo ili ujue kila mtoto ameze vidonge vingapi. Mila yetu Wandali hainiruhusu kusimama mbele yako wala kusikia sauti yako simuni, kwa hiyo nakuuliza kwa kalamu. Ulianzaje? Tunaanza mwezi wa tatu, na wakubwa wa mji watakuwepo.

Mkweo,
Gwalugano


Mbagala, 17 Februari 2025

Mkwe wangu,

Marahaba. Goti halijapunguza chochote, ila asante kwa kulikumbuka. Wasalimie wajukuu.

Kwa hiyo ni wewe. Mimi niliondoka nyumbani Itumba kijana, nikawachanja na kuwapima watoto wa pwani mpaka nikaota mvi, huku nikingoja siku moja kwetu waniite. Hawakuniita. Sasa wamekuita wewe, na nasikia umepewa na gari. Mimi sanduku la dawa nililibeba begani.

“Mkeo kapewa gari,” nilimwambia Ipyana kwenye simu.

Akacheka. “Baba, unamwonea wivu mke wangu?”

Nikakata simu.

Fimbo haifundishwi kwa barua. Siku hiyo ya kwanza nakuja nayo mwenyewe. Unajua kwamba nikiwa mimi uwanjani, wewe huwezi kuwepo. Hilo sikulitunga mimi, walilitunga wazee wetu.

Baba mkwe wako


Tunduma, 26 Februari 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Naomba safari isiliumize goti.

Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza maharage. Ningeweza kumtuma Ipyana akuombe usije. Sikufanya hivyo. Siku hiyo nitakwenda shule nyingine, upande wa pili wa mji, na wakubwa watapiga picha na wewe. Siwezi kusema limenipendeza.

Nakuomba jambo moja. Watoto wanywe uji kwanza, ndipo wameze dawa, la sivyo watatapika. Waanze wale ambao mama zao huvuka mpaka alfajiri kwenda kuuza Nakonde, upande wa Zambia, maana hao hufika shuleni na njaa. Mengine Mwalimu Fanueli wa hapo shuleni anayajua.

Mkweo,
Gwalugano


Tunduma, nyumba ya wageni, 5 Machi 2025

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi nimechoka, ila goti limenivumilia.

Nilikwenda nikikutafutia kosa. Uji ulikuwa tayari, maji yamechemshwa, watoto wa mama wa Nakonde wamekaa mbele. Kila nilichotaka kuagiza, Mwalimu Fanueli alinijibu, “Mama Gwalugano ameshasema.”

“Na mimi je, niseme nini?”

“Wewe pumzika, mzee.”

Nikaitoa fimbo yangu kwenye kitambaa. Kumbe ukutani ulikwisha kuchora yako, kila kimo na rangi yake, na watoto wanajisomea wenyewe. “Mimi ni kijani, babu, nipe viwili.” Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kulifikiria hilo. Nilichobakiwa nacho ni kuwaimbia wakati wakimeza.

Binti mmoja, Enesi, akaniuliza, “Babu, wewe ndiye msaidizi wa mama?” Nikamwambia ndiyo, ndimi.

Picha zilipigwa, mimi nikasimama pembeni. Usidhani wivu umeniisha. Kesho napanda basi na wivu wangu kurudi Mbagala. Fimbo nimemwachia Ipyana, mimi sina kazi nayo tena.

Msaidizi wako,
Baba mkwe


Tunduma, 30 Machi 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Ipyana anasema ulifika salama lakini huongei sana. Sisi tu wazima, na vumbi limetulia kwa mvua.

Kila shule ninayoingia sasa habari zako zimeshafika, wananiuliza babu wa fimbo atakuja lini. Sijui umewaimbia nini. Majuzi mtoto mmoja alikataa kidonge mkononi mwangu, akasema anamngoja babu. Nilimwimbia, akaziba masikio. Nimeuonja wivu wako, baba. Ni mchungu kweli.

Wilayani Ileje nao wanataka kuanza, na shule za kwanza ni za Itumba. Waliniomba niende kuwaelekeza. Nimekataa. Nimewaambia yupo mzaliwa wa hapo hapo aliyeijua kazi hii kabla yangu, na watakupigia simu wiki hii. Pokea. Usiwakatie kama ulivyomkatia mwanao.

Ukienda, mimi Itumba sitakanyaga. Uwanja wote utakuwa wako, na picha zote. Hilo sikulitunga mimi.

Fimbo tumeitanguliza. Ipo kwa shangazi yake Ipyana, karibu na stendi ya Itumba, imefungwa kwenye kitambaa chako. Rangi sikuipaka. Hiyo utaamua mwenyewe.

Mkweo,
Gwalugano