Bi Mdogo, Nyavu za Gerezani Zimetolewa

Mwaka umetimia, Bi Mdogo, tangu uniachie nyumba hii peke yangu. Mume wetu alitangulia zamani, ukabaki wewe. Majirani walidhani mke mkubwa atapumua. Nimepumua nini? Majiko mawili, mdomo mmoja, na wa kugombana naye sina.

Ulikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na sauti ya kunong'ona. Mteja aliinama akusikie bei, na akishainama anaona haya kuomba apunguziwe. Mjanja wewe.

Kijana wako, ambaye ni wangu pia maana mimi sikujaliwa, alipofungwa, sauti hiyo ikawa mateso. Gerezani tulitenganishwa naye kwa nyavu mbili, askari akipita katikati, familia zote zikipiga kelele kwa pamoja. Wewe ulisema, mimi nikapaza: "Mama yako anauliza, unakula?" Halafu na cha kwangu: "Anasema pia mama mkubwa ndiye mzuri!" Ulinifinya. Kijana alicheka. Lakini sauti yako mwenyewe hakuisikia miaka saba.

Ndipo ukaanza. Kwenye foleni ya getini ulimfuata mama huyu, mke yule, mpaka tukawa kundi lenye ombi moja: nyavu zitolewe, tukae mezani na watu wetu. Tulipoingia kwa mkuu wa gereza nilikuwa tayari kuwaka. Ukanivuta mkono, ukasema wewe.

"Unasemaje, mama?"

Ukarudia.

"Mama, sikusikii."

"Afande, mwanangu naye huniambia hivyo hivyo."

Mkuu akavuta kiti karibu, akalipokea ombi letu.

Meza zimewekwa mwezi uliopita. Hukuzikuta. Nilikaa mbele ya kijana wetu, hakuna wavu, hakuna kelele, na kando yangu kiti kitupu. Akanishika mkono, akauliza taratibu, "Mama mkubwa, yeye angesema nini?"

Mdomo wangu wote huu, safari hii sikuongeza cha kwangu. Nikainama, nikamnong'oneza kama wewe: "Unakula?"

Msalimie mume wetu. Mwambie zamu yako imezidi, nami nahesabu.

Tunaokukumbuka ni mimi Bi Mkubwa wako, kijana wetu aliye ndani, dada zako, na wenzako wote wa foleni ya getini. Daima tunakukumbuka. Nimelisema kwa sauti kubwa, Bi Mdogo, hapa jikoni, peke yangu. Nawe, kama kawaida yako, sijakusikia ukijibu.