Rafu ya Juu ya Kitanda cha Bergljót

Hveragerði,
Aisilandi.
9 Juni 2008

Mpendwa Mjomba Ormur,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Gimli? Goti linasemaje? Barafu ya ziwa imekwisha, umeanza tena kuvua, au mkazamjomba bado anakukataza? Sisi sote ni wazima. Neno hilo naliandika polepole, maana nusura nisiweze kuliandika.

Siku ya tetemeko ulipopiga simu ulisikia tu kwamba tuko hai, kisha laini ikakatika. Sasa nimetulia, nikueleze.

Vuli iliyopita, ulipokuja kumzika mama, waombolezaji walikuwa sebuleni wakinywa kahawa, nawe ulikuwa ukigongagonga kuta kwa kidole huku umetega sikio. Watu walitazamana. Kesho yake ulirudi na drili. Kabati la nguo, rafu za vitabu, friji, runinga mpya ya mume wangu Ketill, vyote ukavifunga ukutani. Nilipokuuliza kwa nini hupumziki, ulisema, "Dada yangu aliangukiwa na kabati tetemeko la mwaka elfu mbili, mkono wake haukupita bega tena. Mimi nilikuwa Kanada. Nishikie ngazi." Nikaishika, tukafanya kazi mpaka jioni.

Kisha ukafika kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe.

"Humu huingii na hilo lidude lako," Bergljót akakwambia. "Nyumba ya mwanangu umeshaitoboa kama jibini."

"Bergljót, hiyo rafu ya sahani juu ya kitanda chako imeshikwa na misumari miwili na sala."

"Basi sala zangu zina nguvu kuliko skrubu zako!"

Ukaondoka bila ya ninyi wawili kuagana. Iliniuma sana.

Usichokijua ni hiki. Mwezi wa Februari ardhi ilitikisika kidogo tu, sahani zikagongana juu ya kichwa chake. Asubuhi alimwita Ketill. "Lete yale makorokoro aliyoyaacha yule mzee. Na ole wenu mumwandikie!" Ketill akaishusha rafu, akang'oa misumari, akagonga ukuta ulivyomfundisha mpaka akazipata mbao zilizo ndani, nyuma ya lile bao jembamba linalomeguka kama biskuti. Skrubu ndefu akazikaza kwenye mbao zenyewe, akaongeza vyuma vya pembe, na mbele akapiga ukingo ili sahani zisiteleze. Alipomaliza akaning'inia kwenye rafu kwa uzito wake wote.

"Shuka, gunia wewe!" mama yake akafoka. "Sasa unataka kuiangusha?"

Haikusogea.

Alhamisi ile, saa kumi kasorobo alasiri, Bergljót alikuwa amejinyoosha kitandani na Sunneva wetu ubavuni mwake. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga. Sakafu ilivutwa chini ya miguu yangu kama mtu anavyovuta mkeka. Milango ya makabati ikafunguka yenyewe, vikombe na chupa vikaruka nje. Nilijaribu kukimbia nikaanguka, nikaenda kwa kutambaa juu ya vigae huku nikiliita jina la mtoto. Hakuna aliyeitika.

Nilimkuta bibi amemlalia mjukuu, amemfunika mzima mzima, uso ameugeuzia juu anaitazama rafu. Sahani zilikuwa zinalia kama meno ya mtu mwenye homa. Tatu zilivunjika pale pale zilipokaa. Rafu ilibaki ukutani. Kwingineko nyumbani vitabu vilimwagika, lakini rafu zake ulizozifunga hazikuinama.

"Bibi ananibana," Sunneva akalalamika. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Ketill alikuja mbio kutoka kwenye nyumba ya vioo anamolimia nyanya, nywele zimejaa vipande vya kioo, damu inamtoka sikioni. Alitukuta tumekaa nje kwenye majani. Akatuhesabu kwa kidole, akatuhesabu tena, ndipo akauliza, "Ilishika?"

"Ilishika," mama yake akamjibu. Wote wawili wakaangua kilio.

Kwa jirani yetu Ísleifur rafu ilitua juu ya mto wake wa kulalia, na runinga ikapasuka sakafuni. Bahati njema alikuwa kazini. Sasa kila jioni mtu anabisha hodi kumwazima Ketill na drili, naye anarudi amebeba samaki mkavu na siagi. Tulilala hemani bustanini siku kadhaa, Bergljót akitutawala kama nahodha. Vitu vilivyovunjika jikoni ni vingi, siwezi hata kuvisikitikia.

Mjomba, asante. Vuli ile nilidhani unaikimbia huzuni yako kwa kelele za drili. Kumbe ulikuwa unatutunza, kwa jinsi ulivyotamani ungemtunza mama. Kila nikimvisha Sunneva viatu asubuhi nakushukuru wewe, kisha Mungu. Au Mungu, kisha wewe, padri asinisikie.

Tusalimie mkazamjomba Lovísa na binamu Hafsteinn na wanawe. Mungu awape kiangazi kirefu chenye samaki wengi, na aendelee kuibariki mikono yako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Dagrún

Ormur, huyu ni Bergljót, nimemnyang'anya mkwe wangu kalamu. Mambo ya rafu ameshakusimulia, sirudii. Ukuta wa upande wa dirisha chumbani kwangu uko mtupu. Nimeomba picha ya dada yako, ile anayocheka, nimeitilia fremu nzito. Ketill anataka kuitundika, nimemkatalia. Njoo uitundike mwenyewe. Mlango nitakufungulia mimi.