Mgeni wa Mlangoni

Ziwani, 10 Februari 2025

Kwako Baba,

Habari za Ahero? Masikio yako yangekuwa mazima ningekupigia simu, lakini kwa kuwa ulishakataa kwenda kwa daktari, basi vumilia kusomewa ujumbe wa simu. Mgongo wa Mama je? Mimi na shangazi Aluoch tuko salama, ila nimechoka.

Mafunzo ya nyanjani ya ustawi wa jamii nayafanyia katika shirika moja la watoto hapa Nairobi, mtaa wa jirani wa Shauri Moyo. Nikiyamaliza, Desemba nafuzu. Chuoni walituahidi tutatembelea familia pamoja na mfanyakazi wa shirika. Kumbe Millicent, msimamizi wetu, yuko peke yake na familia zimemzidi, kwa hiyo kila mwanafunzi anapewa nyumba zake na kuambiwa aende. Watu wakiona fulana ya shirika wanadhani tumekuja kuwanyang'anya watoto. Juzi mama mmoja alinimwagia maji ya kufulia. Siku hizi naongea na watu nikiwa nimesimama mlangoni. Je, ni vibaya?

Mwanao,
Amondi


Ahero, 12 Februari

Kwako Amondi, uliyerithi jina la mama yangu,

Hatujambo huku. Mgongo unamsumbua mama yako asubuhi, jioni akienda kwaya anausahau.

Pole kwa maji. Angalau yalikuwa na sabuni. Lakini mlangoni usisimame. Kwetu mgeni anayekataa kuketi amekuja na ugomvi. Nani atamweleza shida zake mtu aliyesimama kama askari wa kanjo anayekagua leseni za jiji? Ingia, keti, ukipewa maji, kunywa. Hapo mwenye nyumba atalainika.

Jikaze, mama. Kina mama wa kanisani wameshaambiwa kuhusu Desemba, na wewe unawajua.

Baba yako,
Phares


Ahero, 9 Machi

Amondi, salamu.

Nimekuandikia mara mbili, kimya. Mama yako akipiga simu, Aluoch anasema umelala. Asubuhi umelala, mchana umelala. Mtu mzima halali hivyo. Tuambie ukweli, hata uwe mbaya.

Baba yako


Ziwani, 11 Machi

Kwako Baba,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Mkono wa kulia uko kwenye plasta, kwa hiyo naandika kwa wa kushoto.

Nilitumwa kwa mtu anayeitwa Johnson, fundi wa masanduku ya bati. Mwalimu alikuwa ameripoti kwamba mtoto wake anakuja shule na alama za mshipi. Johnson alinipokea vizuri. "Karibu madam, keti, usiogope." Nikaketi. Mkewe Kui akaniletea maji, nikanywa. Nilipomtaja mtoto, Johnson akainuka, akafunga mlango kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. "Leo ndio utajua hii ni nyumba ya nani." Akanipiga kwa stuli. Kui alipiga mayowe mpaka majirani wakavunja mlango.

Polisi bado wanamtafuta. Mtoto yuko kwa nyanya yake. Millicent alilia, kisha akaniuliza kwa nini niliingia.

Nimewaambia sitaenda tena nyumba yoyote peke yangu. Chuo kinasema basi nirudie mafunzo mwakani. Nikinyamaza, mkono ukipona niendelee walivyotaka, Desemba nitafuzu. Winny na Wanza, wenzangu, bado wanatumwa peke yao. Baba, naogopa kurudi, na naogopa kuwaaibisha. Niambie nifanye nini.

Mama asijue habari za mkono.

Mwanao,
Amondi


Ahero, 11 Machi

Amondi, mama yangu,

Leo sikuulizi hali. Umesahau kwamba mama yako ndiye hunisomea simu. Alisoma mpaka kwenye stuli akashindwa, nikamalizia mwenyewe kwa macho yangu haya mabovu. Yuko jikoni analia, nami nimekaa nje.

Swali la Millicent nitalijibu mimi. Uliingia kwa sababu nilikuambia uingie. Maisha yangu yote nimeketi katika nyumba za watu wanaonijua. Hizo unazotumwa wewe sizijui hata moja, na bado nikakufundisha.

Rudia mwakani. Kina mama wa kanisani watasema, kisha watachoka. Ijumaa nakuja, twende pamoja chuoni, na Winny na Wanza wawepo. Hatutoki mpaka watuambie nani atakayefuatana nanyi.

Na siku utakaporudi kazini, usiingie kwa mtu. Simama mlangoni. Atakayeuliza ni nani alishindwa kukufunza adabu, mtajie jina langu.

Baba yako,
Phares