Gazeti Lililotabiri Mvua

Mjukuu wangu Keza,

Huku Nengo tuko wazima. Babu yako kateremka ziwani kununua sambaza, vile vidagaa vya huku. Umeniuliza kama uwasomeshe watoto wa darasa lako kwa magazeti. Swali lako limenichanganya.

Tulipokuwa Karagwe, nikiwa mwanafunzi, mwalimu alitusomea gazeti alilofungiwa sukari dukani: kesho mvua kubwa. Akanipa, nikakimbia nalo nyumbani. Tukaanua maharage yote. Jioni baba akaona tarehe. Gazeti lilikuwa la mwezi uliopita. Alinigombeza sana. Usiku mvua ikanyesha, ikalowesha maharage ya majirani wote.

Asubuhi baba alisema nimsikilize mwalimu. Mwalimu naye, nilipomwambia gazeti lilikuwa la zamani, kwa aibu akasema tuangalie tarehe kwanza. Mpaka leo sijui nimfuate yupi.

Wasomee, mama. Ila na dirisha lifungue, wayaone mawingu wenyewe.

Ni mimi, bibi yako.