Athumani na Vidonge Vyake Mwezi wa Ramadhani

Jumatatu, 23 Septemba 1974
Nimetoka kiwandani, nimebandika kunde za futari. Athumani kajilaza mkekani, kashika tumbo. Mume wangu ana vidonda vya tumbo tangu mwaka jana. Daktari alimwambia nikisikia: tafuna kidonge kila baada ya kula, kingine ukitaka kulala. Usikae na njaa. Usifunge. Akaitikia. Kumbe anafunga.

Alhamisi, 26 Septemba
Nimemfuma. Mchana hali, hatafuni kitu. Ikiadhiniwa magharibi anatafuna vidonge vya kutwa nzima kwa pamoja, kama njugu. Eti dawa ni ileile, tumbo halina saa. Nimemweleza: dawa inapoza asidi kwa muda tu, kisha asidi inarudi. Ukimaliza vidonge vyote jioni, mchana tumbo linajila lenyewe.
"We mwanamke, utanifundisha dini?"
Dini gani! Mgonjwa karuhusiwa kula. Hata mtoto wa madrasa anajua. Anawaogopa wanaume wa barazani, basi.

Jumamosi, 28 Septemba
Mama mkwe kaja kutoka Mbagala. Kamsifu mwanawe, tangu abalehe hajaacha saumu hata moja. Athumani kacheka, mkono tumboni. Nimewachukia wote wawili. Nimempa shikamoo yake, nikaenda kutwanga. Nimetwanga kama napiga mtu.

Jumapili, 29 Septemba
Katapika. Damu nyeusi, kama machicha ya kahawa. Kaangukia mlangoni. Majirani wamembeba hadi kwenye teksi. Nimemtukana njia nzima. Hakuwa anasikia.
Hospitalini, daktari yuleyule. "Mama, si nilisema baada ya kula?" Nilitaka kumrukia. Amwambie aliye kitandani! Tumbo si langu.

Jumanne, 1 Oktoba
Kaongezewa damu. Anapumua vizuri. Mama mkwe kanivuta nje ya wodi: mbona sikumwambia kuwa daktari alikataza? Nikamjibu bila adabu. Kwamba angesema mie namharibia mwanawe. Kwamba sifa zake zingemzika.
Kajifunika uso kwa khanga.
Sijutii.

Jumatatu, 7 Oktoba
Athumani yuko nyumbani. Adhuhuri mama yake kaingia na uji wa mchele. Nikaenda kufunga dirisha, watu wasione. Kanizuia. Kakaa kando ya mwanawe kitandani, kamlisha kijiko kwa kijiko, wapita njia wanaona. Athumani machozi yalimtoka, akanywa.
Baadaye katafuna kidonge. Kimoja.
Mie na mama mkwe tumefunga. Tumekaa uani tunachambua mchele.