Mikono Mingi, Tanuri Moja

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la unga lililonijaa kichwani. U hali gani, na mgongo je, umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inaumwa, na utaona sababu.

Kwanza ujue kiwanda changu cha mikate kinavuma, ingawa wewe ungekiita chumba. Harufu ikitoka, wagonjwa mahututi huomba chai. Nilianza peke yangu na tanuri lile moja. Nilipoajiri mkandaji, mikate iliongezeka maradufu. Nikaajiri mwingine, ikazidi, ila si kama mwanzo. Wa tatu aliongeza kidogo. Wa nne aliongeza kelele tu.

Mwanao, msomi wetu, aliyekuja kunisaidia kuuza, akaniambia kwamba darasani wanaiita sheria ya mapato yanayopungua: ukizidisha mikono bila kuzidisha tanuri, kila mkono mpya huongeza kidogo kuliko uliotangulia, na mwishowe mikono huanza kuharibu. Nikamwambia nilikuwa naoka kabla yeye hajaota meno, tena kidole kimoja hakivunji chawa. Akanijibu, "Mjomba, vidole kumi juu ya chawa mmoja vitaumizana, naye chawa ataondoka zake." Wakandaji wakacheka mpaka wakashika meza. Kicheko kile kiliniuma, dada. Kesho yake nikaajiri wawili zaidi, ili wapitao dirishani waseme tajiri yule ana jeshi.

Jeshi lenyewe halikuwa na pa kugeukia. Huyu akitoa trei, yule anainama na beseni. Mikate ikawa michache kuliko zamani, na mingi yake imeungua.

Sasa lile jeraha. Nilikuandikia kwamba mwanao aliungua mkono kwa kuchezea simu karibu na tanuri. Ukamkaripia, na nasikia hamsemezani. Dada, nilisema uongo. Simu ilikuwa mkobani. Ni mimi niliyegeuka na trei ya moto huku nikijigamba kwa mteja, naye amebanwa kati ya watu wangu, hana pa kurudi nyuma. Alijua nilivyomsingizia, akanyamaza kunitunzia jina.

Mkono unapona, ila kidole kimoja bado hakikunjiki. Nikimwona anafunga kitambaa kwa meno, natamani ardhi inimeze.

Mpigie leo. Kabla hujanigeukia mimi, mtake yeye radhi. Zamu yangu nitaingoja.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Wakitaka habari zangu, wape hizi, usipunguze.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Mzee Sifa