Nafasi ya Hind

Riyadh, Alhamisi

Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi ndiye kocha wa timu ya gofu ya chuo; nani acheze na nani abaki, naamua mimi.

Wiki nzima mazoezini kwetu Jeddah, Hind alimshinda Nasra. Lakini Nasra ni mtoto wa kwetu, na kina mama wa Kizanzibari walimfuata kwa basi mpaka huku, na kanga za sare juu ya mabaibui. Mmoja wao, shangazi Zuwena, alinishika mkono asubuhi kabla ya mashindano: "Mwanetu acheze. Tumekuja kumuona yeye, hatukuja kutazama majani." Nikacheka. Nikampa Nasra nafasi.

Kwenye shimo la mwisho, Nasra amejipanga kupiga, kina mama wakaachia vigelegele kabla hajagusa mpira. Akashtuka, mpira ukapita pembeni. Tukashindwa kwa pigo hilo moja.

"Upepo huo!" akasema shangazi, na wenzake wakazidi kushangilia.

Hilo ningelimeza. Lakini Hind alinijia akaniuliza kwa adabu, "Kocha, nilikosea wapi mpaka ukaniacha?"

Nilishindwa kumwambia kweli. Nikasema ana haraka mno anapopiga. Uongo mtupu. Hakuna katika timu anayepiga kwa utulivu kama yeye.

Hotelini hakuja kula. Nilipomuulizia, Nasra alinijibu bila kunitazama: "Kabaki uwanjani, kocha. Anajifunza kupiga polepole."